Kizibo gani kwa kalibu gani: kulinganisha njia za kuzuia nta isivuje

Mara yangu ya kwanza kusubu mshumaa, yaani kumimina nta ya moto kwenye kalibu ya bati igande kwa umbo lake, nusu ya nta iliishia mkekani. Ilikuwa Machi, kaskazi imekatika na kusi haijaanza, joto la Lamu lile ambalo hata paka hujilaza kifudifudi juu ya sakafu ya daka. Kitundu cha utambi nilikuwa nimekiziba kwa selotepu, tabaka tatu, nikajiona fundi. Nikageuka kuweka sufuria chini, na niliporudisha macho nta ilikuwa inachuruzika kitakoni na kuzama katika mianya ya mkeka. Ami yangu, aliyeumaliza ujana wake Matondoni akiunda majahazi, alinitazama nikihangaika kubandika tepu nyingine juu ya ile iliyolegea. "Mwanangu," akasema, "chombo hakibandikwi kiraka. Ufa hushindiliwa."

Siku ile nilinuna. Lakini mzee alisema kweli. Fundi wa jahazi huchukua pamba iliyotiwa mafuta akaishindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo, ndiyo kalafati, kisha ndipo anapopaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, juu yake. Atakayepaka deheni bila kalafati atapewa majibu yake baharini. Tangu hapo kila njia ya kuziba kalibu naipima kwa swali moja: inashindilia ufa, au inabandika kiraka tu?

Nta inapitia wapi

Pa kwanza ni kitundu cha utambi kitakoni mwa kalibu, na hapo kila mtu anapajua. Mshumaa husubiwa kichwa chini, kwa hiyo kitako cha kalibu ndicho kichwa cha mshumaa. Pa pili ni mshono, kama kalibu ni ya vipande viwili au ni bati lililokunjwa. Pa tatu ndipo wengi hawapashuku: utambi wenyewe. Utambi ni pamba iliyosukwa, na kazi yake hapa duniani ni kunyonya. Ukiupitisha mkavu kitunduni, utainyonya nta na kuidondosha upande wa pili hata kama umeziba pembeni kwa ustadi wote. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kizibo chochote, chovya utambi katika nta iliyoyeyuka, usubiri hadi vipovu viache kutoka, uutoe, uuvute unyooke, uache ugande. Kazi ya dakika chache, na uvujaji mwingi uliokuwa unasingiziwa tepu huishia hapo.

Halafu kuna wanaoijaribu kalibu kwa maji kwanza. Sishauri. Maji hujishika yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu kuliko nta ya moto. Mvutano wa uso wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa nta iliyoyeyuka. Tundu jembamba linaweza kuyazuia maji siku nzima na likaipitisha nta kwa dakika moja. Isitoshe, tone la maji lililojificha konani likikutana na nta ya moto hukuachia vishimo kwenye uso wa mshumaa. Mimi huinua kalibu tupu kuelekea dirishani na kuchungulia ndani. Nuru ikipita, nta itapita.

Vizibo vya kitundu, kimoja baada ya kingine

Selotepu nimeshaisema. Gundi yake hulegea kwa joto, na nta ikishaingia chini yake tepu yote hutoka kama ganda la ndizi. Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi ni afadhali kidogo, ila karatasi hunywa nta. Zote mbili ni viraka.

Tepu ya alumini, ile ya mafundi wa friji, ni kiraka pia, lakini ni kiraka chenye adabu. Gundi yake inavumilia joto la nta bila kulegea, na alumini yenyewe hupoza haraka, kwa hiyo tone la kwanza linalofika kitunduni huganda hapo hapo na kuwa kizibo. Sharti lake ni usafi. Kitako kiwe kikavu, kisiwe na mafuta wala mabaki ya nta ya jana. Kipanguse kwa kitambaa, bandika tepu, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje hadi mikunjo yote iishe. Kila mshumaa unataka kipande kipya. Kwa anayesubu mishumaa mitatu au minne kwa mwezi, hii ndiyo ningempa, na ningemzuia asihangaike na zaidi.

Plastisini ya watoto wa shule inashindilia kweli. Tengeneza tonge lenye ukubwa wa kokwa ya tende, libonyeze juu ya kitundu na utambi uliokunjwa ubavuni, lisambaze kingoni. Hasara yake ni kwamba joto huilainisha. Ukiimimina nta ya moto sana huku tonge ni jembamba, litasukumwa nje taratibu, na hutajua mpaka uone doa sakafuni. Liwe nene, na kalibu isikalie tonge hilo. Iinue juu ya vibao viwili ili kitako kielee, au uiweke juu ya kikombe kilichogeuzwa chenye uwazi katikati. Watu husahau hili: kalibu ikikalia tonge huinama, mshumaa ukatoka umekaa upande, na tonge likabanduka. Plastisini hutumika tena na tena, ila rangi yake hupaka. Usiweke nyekundu chini ya mshumaa mweupe.

Unga wa ngano uliokandwa mgumu, kama ule wa kuzibia mfuniko wa sufuria ya biriani, ulinisaidia mara mbili duka lilipokuwa limefungwa. Unashika. Ukikauka hupasuka, kwa hiyo ni wa kumimina papo hapo, wala si wa kuandaa asubuhi kwa kazi ya usiku. Na panya wa mtaa wetu wa Langoni hawakuniambia ahsante.

Sabuni ya mche nilijifunza kwa fundi wa mashine za boti, anayezibia tangi la petroli linalovuja hadi afike nchi kavu. Sabuni haiyeyuki katika petroli, na nta ya dukani ni jamaa ya petroli, zote zinatoka katika mafuta ya ardhini. Ikande kwa vidole hadi ilainike, ishindilie kitunduni. Inafanya kazi kuliko inavyostahili. Ubaya wake ni kwamba vipande vidogo vikiingia ndani ya kalibu huonekana kama madoa kwenye kichwa cha mshumaa, na sabuni ikibaki kwenye utambi hapo juu, mwali hutoa cheche na kulialia.

Gundi ya moto, ile ya vijiti inayotoka kwenye bastola, mtu ataiona ina akili kwa sababu nayo ilianza ikiwa ya moto. Lakini kilichoyeyushwa kwa joto hulegezwa na joto. Kwa nta ya 60 °C inaweza kukaa. Kwa nta ya 85 °C mimi siiamini.

Sasa skrubu na raba. Hapa ndipo kazi ya kila siku inapokaa. Unapitisha utambi kitunduni, unauzungusha kwenye skrubu fupi, unaikaza juu ya kipande cha raba chenye tundu la sindano. Skrubu inaujaza ufa, raba inajibana kuuzunguka, na ukiongeza kijitonge cha plastisini juu ya kichwa cha skrubu una ngome. Raba ya tyubu la baiskeli inatosha. Nilijaribu pia ndara. Mtu wa Lamu akitaka raba ya bure atawaza kwanza zile ndara ambazo bahari inazitupa pwani ya Kiunga. Za sponji hulegea kwa joto, usizisumbukie. Raba ya tyubu nayo si ya milele, maana nta ya petroli huivimbisha kidogo kidogo. Ukiona imekuwa laini kama begi la mpira, kata nyingine. Tyubu moja hutoa vipande vingi sana.

Ukiuliza gharama, tepu ya alumini ni rahisi siku ya kwanza na ghali mwaka wa kwanza, skrubu na raba ni kinyume chake.

Kalibu yenyewe

Kizibo kizuri kwenye kalibu mbaya ni kazi bure, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kalibu ya bati ya fundi wa mtaani ina namna mbili, na tofauti yake haionekani kwa mbali. Kuna iliyokunjwa tu mshono wake, na kuna iliyolehemiwa. Ya kukunjwa itavuja siku yoyote. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati haiyeyuki mpaka ipite 180 °C, na nta yako haitafika huko kamwe kama unayeyusha juu ya maji, kwa hiyo mwambie fundi apitishe lehemu mshono wote, asiruke ruke. Kopo la maziwa ya unga lina faida ya kuwa limeshazibwa kiwandani, lakini lina mbavu pembeni, na mshumaa hautoki ila ulikate. Kama una kisu cha kopo na makopo ya kutosha, vizuri.

Paipu ya plastiki, ile nyeupe au ya kijivu ya mabomba ya maji, ndiyo inayowadanganya wengi. Inaonekana imara. Kumbe plastiki hiyo huanza kulainika inapokaribia 80 °C, na hapo umbo la mduara hupotoka, kifuniko cha chini kikaachia upande mmoja. Mtu akaongeza tepu, akaongeza gundi, na kosa ni joto. Kwa paipu, mimina nta ikiwa imepoa hadi karibu 65 au 70 °C, na uchague nta inayoyeyuka chini ya hapo. Ukiipasua paipu kwa urefu ili mshumaa utoke kwa urahisi, ziba mpasuo kwa tepu ya alumini kutoka juu hadi chini, kisha uifunge kwa mikanda ya tyubu kila upana wa vidole vitatu.

Silikoni ni habari nyingine. Kitundu chake hutobolewa kwa sindano, na mpira huo hujifunga wenyewe kuukumbatia utambi. Mara nyingi haihitaji kizibo chochote. Kinachovuja hapo ni mpasuo wa ubavuni, kwenye zile kalibu zinazofunguka kama kitabu. Na mara nyingi anayezivujisha ni mwenyewe: amefunga mikanda ya raba kwa nguvu hadi kalibu ikaingia kiuno, midomo ya mpasuo ikaachana juu na chini. Weka vibao viwili vyembamba pande mbili, mikanda ibane vibao, isiibane silikoni. Silikoni huvumilia joto kuliko nta yoyote utakayoimimina. Bei yake ndiyo inayouma, pamoja na safari, maana hapa kisiwani mara nyingi utaiagiza ikuvukie kwa boti kutoka Mokowe, gati la bara.

Kalibu ya mpira wa asili, ile laini kama glavu, nayo ipo. Neno moja tu: usitie stearini katika nta yake. Stearini huifanya nta iwe ngumu na nyeupe zaidi, lakini huula mpira wa aina hiyo, na baada ya misimu michache utaona vitundu ambavyo hukuvitoboa wewe.

Kalibu ya plasta ya jasi nayo humvutia mtu wa Lamu, kwa sababu amezungukwa na kuta zenye nakshi za chokaa na moyo unamwambia azihamishie kwenye mshumaa. Plasta haivuji kwa tundu, hunywa. Kalibu kavu ya plasta itaifyonza nta na kuing'ang'ania. Iloweke majini mpaka ishibe, ipanguse uso usiwe na matone, ndipo umimine. Maji yaliyomo ndani ya plasta ndiyo kizibo.

Kuhusu kifuu cha nazi, hicho si kalibu, ni chombo cha kukaa na mshumaa wake. Ila kina macho matatu, na moja ni laini, lile linalotokea chipukizi. Chagua nusu isiyo na macho na umemaliza.

Pakiti ngumu ya maziwa au juisi imeshatiwa plastiki ndani. Toboa kwa sindano, tepu ya alumini chini, mimina, kisha uichane. Hutuna tumbo kama hukuizungushia kamba. Kwa anayeanza leo bila senti, ni hiyo.

Nta gani, joto gani, na mimino wa kwanza

Nta inavyozidi moto inazidi wepesi, na wepesi huo huipitisha hata pale kizibo kilipoachia unywele mmoja. Ikiwa baridi mno nayo inaganda kwa matabaka, mshumaa ukawa na mistari kama mawimbi ya maji kupwa. Kwa hiyo unatafuta katikati. Nta ya petroli ya mishumaa migumu, inayoyeyuka karibu na 58 hadi 60 °C, hupendeza ikimiminwa karibu 80 hadi 85 °C kwenye bati. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya 62 na 64 °C, na nzuri hutoka kwa warina asali wa bara yetu, Waaweer wa msitu wa Boni, au kwa wafugaji wa nyuki kandokando ya Arabuko-Sokoke ukishuka Malindi. Inanata, jambo linalosaidia kuziba na kutesa wakati wa kutoa, kwa hiyo paka kalibu mafuta kidogo sana. Nta ya soya ni laini; iache kwa vikombe na vifuu.

Lililo juu ya vizibo vyote ni hili. Usijaze kalibu mara moja. Mimina kiasi cha kina cha kidole kimoja, nta ikiwa imeanza kuweka utando pembeni mwa sufuria, na usubiri igande mpaka iwe kama ukoko wa uji. Tabaka hilo limeingia katika kila mwanya wa kitundu na kuganda humo. Ndiyo kalafati yako, na imetengenezwa kwa nta ile ile. Halafu jaza kilichobaki, kwa joto lile nililotaja hapo juu, kabla tabaka halijapoa kabisa, ili vishikane. Ukichelewa utaona mstari kwenye kichwa cha mshumaa. Mimi mstari huo naufuta kwa kitambaa chenye maji ya moto. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kizibo kizuri bila mimino huu na selotepu pamoja na mimino huu, nachukua selotepu. Naam, hata baada ya mkeka wangu.

Mchanga husaidia tabaka hilo kuganda mapema. Jaza karai mchanga mkavu, uzamishe kitako cha kalibu humo kidole kimoja. Tone likiponyoka, mchanga hulipoza na kulifunga. Mchanga wa gunia la mwashi unatosha. Usiende kuuchukua kwenye vilima vya Shela, vile ndivyo vinavyotutunzia maji matamu ya mji. Beseni la maji baridi hupoza haraka zaidi ya mchanga, ila kama kizibo si kamili, maji huingia kalibuni wakati nta inatoka. Mwenye skrubu na raba anaweza beseni. Mwenye tepu akae na mchanga.

Kisha nta ikiganda hupungua, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya ujazo wake au zaidi, na shimo hutokea kuuzunguka utambi. Utalijaza. Hapo pana mtego: usivuke usawa wa mimino wa awali. Nta ya kujazia ikipita juu, hushuka kati ya mshumaa na ukuta wa kalibu, ikafika chini, ikajaribu upya kizibo ambacho umeshakisahau.

Na saa ya kumimina ni jambo. Saa saba mchana mwezi wa Machi nta inakaa majimaji kwa muda mrefu, na kila dakika ya majimaji ni nafasi ya kuvuja. Mimi humimina baada ya isha, au alfajiri. Wakati wa kusi tofauti hiyo haisumbui.

Basi uchukue nini

Unasubu kwa ajili ya giza la stima kukatika tu: pakiti ya maziwa, tepu ya alumini, vipande vya mishumaa ya zamani. Unatengenezea zawadi zenye umbo: silikoni, hata kama itakuchukua miezi miwili kuikusanyia fedha. Unauzia nyumba za wageni kule Shela, mishumaa ishirini inayolingana kwa wiki: bati lililolehemiwa, skrubu, raba ya tyubu. Paipu ya plastiki ningeiacha, ila kwa mtu mwenye kipimajoto na subira.

Ikivuja hata hivyo

Usiibonyeze kwa kidole. Nta ya 80 °C hunata kwenye ngozi na kuendelea kuchoma. Chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, ukiweke chini ya kitako. Mara nyingi tone huganda na mambo yakaisha. Kama mkondo ni mkubwa, rudisha nta sufuriani, uanze upya. Hiyo si aibu.

Nta uiyeyushe daima juu ya maji, sufuria ndani ya sufuria, kwa sababu maji hayavuki 100 °C, na mvuke wa nta ya petroli hushika moto inapokaribia 200 °C. Ikiwaka, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Maji yakimwagwa juu yake huurusha moto hadi kwenye makuti. Na iliyomwagika iache igande kabla ya kuikwangua, wala usiisukumie mtaroni, maana mitaro ya vichochoro vyetu inaziba kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Ile ya mkekani niliitoa kwa pasi ya uvuguvugu na gazeti kuukuu, ukurasa baada ya ukurasa, jioni nzima. Doa lipo mpaka leo, karibu na mlango, na ami akija huketi juu yake.